Maji ya Shingoni mwa Kokwijuka

Idrisa mwanangu,

Salamu nimekupa asubuhi, na kesho utakapofunga mzigo nitakupa nyingine, kwa hiyo karatasi hii siitumii kwa salamu. Umekwenda Kibingo kuagana na wajomba zako, kaka zake Mama Mdogo. Mvua inanyesha, na najua hawatakuachia kabla hujashiba. Nimekaa hapa barazani kwetu Ndama naandika kwa herufi za Kiarabu alizonifundisha marehemu babu yako. Wewe unazisoma kwa taabu kwa sababu shule imekuzoesha nyingine. Soma polepole. Neno likikushinda liache, uendelee, lakini usimpe mtu akusomee.

Mambo ya nguo, sabuni, swala, nani wa kukaa naye na nani wa kumkwepa, siyasemi. Nimekuchosha nayo tangu habari ya kazi ilipofika. Nataka kukuambia jambo moja ambalo hukuambiwa, kwa sababu kesho unakwenda Bukoba kwa mambo mawili yanayonitia hofu. La kwanza, utafanya kazi kwa daktari wa serikali, utafunga watu vidonda na kuwachoma sindano. La pili, huko wako baba zako wadogo, na watakuambia kwamba mimi ndiye niliyemfukuza baba yako nyumbani hata akafa mbali na mwanawe. Wataapa. Kwa hiyo isikie habari hiyo kwangu kwanza.

Tena tuliwaambia ninyi watoto kwamba Mama Mdogo alipofushwa na ndui. Si kweli. Mtazame uso: una kovu hata moja?

Juzi ulijisifu mbele ya wenzako kwamba huogopi damu. Nilikusikia nikiwa jikoni, nikacheka peke yangu. Damu nani anaiogopa? Damu ni kitu cha kujivunia, Idrisa. Watu wanaapa kwa damu, wanaringa kwa damu, wanaolewa na kukataliwa kwa damu. Baba yako na ndugu zake walikuwa hawamalizi kula bila kukumbushana damu yao imetoka upande gani wa pwani. Damu nyekundu ikimwagika watu hupiga kelele, lakini hawazibi pua. Kinachozibisha watu pua ni yale maji mengine mwilini, yasiyo na rangi wala sifa, yanayolowesha kitambaa pembeni ya kidonda, yanayojaa ndani ya lengelenge. Hayo nilikuwa siwezi kuyatazama. Nilikuwa mtu wa kinyaa tangu utotoni, mama yangu alikuwa akisema nitakufa njaa kwa kukagua bakuli. Mtoto wa jirani akipiga chafya karibu na chakula changu, nimeshiba.

Basi Mungu akanipa mke mwenza.

Kokwijuka, huyu Mama Mdogo wako, alikuja nyumba hii akiwa msichana, mimi nikiwa tayari na wewe. Baba yako alimwoa Kibingo alipokuwa akipita na nguo na chumvi, akamleta bila kuniambia. Sikumpenda na sikujifanya nampenda. Alikuwa akicheka kwa sauti, akila kwa vidole vyote, akimpaka mtoto wangu siagi kichwani bila kuniuliza. Alizaa mtoto, mtoto akafa. Baada ya msiba akaomba ruhusa aende kwa dada yake aliyeolewa ng'ambo, ufukoni mwa ziwa, kule watu walikokuwa wakivuna mpira msituni. Akakaa msimu mzima. Na mimi, nikwambie kweli, nilistarehe.

Aliporudi hakuwa akicheka. Kichwa kilimuuma mchana kutwa. Homa ilikuja ikaondoka, ikaja tena. Alikuwa akijikuna mpaka ngozi inachubuka. Siku moja nilikuwa nikimsuka, kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kumsuka, vidole vyangu vikagusa nyuma ya shingo yake, chini ya nywele. Palikuwa na vivimbe laini, kama maharage mabichi yaliyoingizwa chini ya ngozi. Vikasogea nilipovigusa. Nilitupa kitana chini na kwenda kunawa mikono.

"Ni nini, Bi Mkubwa?" akaniuliza.

"Tezi tu," nikasema. Lakini nilinawa mara ya pili.

Siku zile tarishi wa mtemi alikuwa akipita vijijini na amri ya Wajerumani: kila aliyekaa kule ziwani apelekwe kambi ya malale akapimwe. Ulikuwa mdogo, lakini labda unakumbuka jinsi watu walivyolikimbia neno hilo. Malale ilikuwa imemaliza vijiji vizima kule ufukoni. Baba yako alitaka kumficha mkewe, si kwa huruma, ila aliogopa wateja wasije wakahama duka. Jirani mmoja akaropoka, tarishi akaja mlangoni. Kila mgonjwa wa kike alitakiwa aende na mwanamke wa kumpikia. Baba yako alinitazama, mimi nikatazama dari. Mwisho nilikwenda, wewe nikakuacha kwa bibi yako.

Kambi sitakusimulia yote. Utaona nyingine kama hiyo, na pua yako itakusimulia yenyewe. Vibanda vya nyasi vimepangwa mistari, na kila kibanda kina watu wa hatua yao ya ugonjwa. Wengine walikuwa wazima kama wewe, wanacheza bao. Wengine wamekaa juani na tonge mdomoni, usingizi umewakamata kabla hawajameza, inzi wanatembea kwenye midomo yao na hawana habari. Mwanamume mmoja alikuwa amefungwa kamba mguuni kwa sababu malale ilimpandisha wazimu akataka kuchoma kibanda. Uchafu wake ulikuwa pale pale alipolala. Nilitapika siku ya kwanza, nikatapika na ya pili, na Kokwijuka mgonjwa ndiye aliyenishika kichwa mimi mzima.

Lakini kilichonitapisha zaidi hakikuwa na harufu. Palikuwa na mnyapara wa kambi, mtu mnene mwenye kanzu safi kuliko ya imamu. Kazi yake ilikuwa kuwapanga watu wapimwe. Ukimpa kuku, jina lako halisomwi. Ukimpa mbuzi, unaambiwa umepimwa na huna kitu, nenda zako. Watu walimshukuru! Walimwita baba. Nilimwona akipokea jogoo kutoka kwa mwanamke aliyekuwa na shingo iliyovimba kama ya Kokwijuka, mmoja aitwaye Nyamwiza, tuliyelala naye kibanda kimoja. Akamwambia, "Nenda nyumbani, mama, damu yako safi." Damu yake haikuwa imetazamwa hata tone.

Daktari alikuwa Mjerumani mwembamba mwenye ndevu za manjano. Aliwahi kukaa pwani, na Kiswahili chake kilieleweka, lakini Kinyambo hakukijua hata neno moja, na wanawake wa huku wengi hawakujua Kiswahili. Aliposikia mimi nazungumza vyote viwili aliniita niwe mkalimani wa wanawake. Sikuomba kazi hiyo. Niliikubali kwa sababu mkalimani alipewa kibanda cha peke yake.

Kwanza walipima damu. Walimchoma Kokwijuka kidole, wakaweka tone juu ya kioo, daktari akainamia hadubini, akatazama. Hakuna kitu. Siku nyingine wakarudia. Hakuna kitu. Mnyapara alituma habari mpaka Ndama, naye hatumi habari bure. Baba yako akaja na kanzu ya Idi, amevaa uso wa bwana harusi, na mbuzi wa kuchinja nyuma yake.

"Sikuwaambia?" alisema mbele ya watu wote. "Mke wangu ana damu safi. Fungeni mizigo."

Tukala mbuzi yule. Mimi nilikula, Idrisa, na nilifurahi kuliko wote kwa sababu niliona nitaondoka pale. Kokwijuka hakula. Alikaa amejishika kisogo.

Daktari alikuja akatukuta tunafunga mikeka. Akamwinamisha Kokwijuka, akapapasa nyuma ya shingo kwa vidole viwili, akaniambia, "Huyu bado. Damu si yote. Nataka kutazama maji ya tezi."

Baba yako akaja juu. "Umetazama damu mara mbili! Mtu ana nini zaidi ya damu?"

Hapo ndipo daktari alipotueleza, mimi nikigeuza maneno kwa Kinyambo ili Kokwijuka na wanawake waliokusanyika wasikie. Nakuandikia kama nilivyoelewa. Wewe utafundishwa vizuri zaidi, lakini mimi nilifundishwa nikiwa nimesimama mbele ya mtu ambaye uhai wake ulikuwa unategemea maneno hayo.

Alisema damu ina njia zake zilizofungwa. Moyo unaisukuma, inazunguka mwili mzima na kurudi, haitoki nje ya mishipa ila mtu akikatwa. Wekundu wake ni chembe ndogo nyingi mno, na hizo ndizo zinazobeba pumzi. Lakini mishipa ile ikifika mwisho huwa myembamba kuliko unywele, na hapo huvuja kidogo. Chembe nyekundu hubaki ndani, ila maji yake hupenya yakatoka, yakaingia katikati ya nyama, yakailisha na kuiosha. Maji hayo wao huyaita limfu. Yana rangi kama ya maji yanayobaki maziwa yakiganda. Hayana moyo wa kuyasukuma. Yanasogea polepole, mtu anapotembea, anapovuta pumzi, anapotwanga. Yanakusanywa na vijifereji vyembamba, na njiani yanapita kwenye tezi, za shingoni, za kwapani, za kinenani. Tezi huyachuja. Kilicho kichafu hukamatwa hapo, hupigwa vita hapo. Ndipo yanaporudi kuingia katika damu, hapa chini ya mtulinga, na safari inaanza upya.

Mwanamke mmoja mzee akasema kwa Kinyambo, "Hiyo ndiyo mitoki. Ukichomwa na mwiba mguuni, kinena kinavimba."

Nikamgeuzia daktari. Akafurahi, akasema ndiyo, ndivyo hasa. Mwiba uko mguuni lakini vita viko kinenani.

"Na wadudu wa malale?" nikamuuliza.

"Katika damu wanakuja na kuondoka. Leo wengi, kesho huoni hata mmoja. Mtu anaambiwa ni mzima, kumbe siku hiyo wamepungua tu. Lakini kwenye tezi wanakaa."

Baba yako alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza, na uso wake ulijaa karaha, kana kwamba daktari amemtukania mama. "Maji, maji," akasema. "Mumtoe mke wangu usaha shingoni mbele za watu? Mimi mtu wa heshima. Kokwijuka, twende."

Kokwijuka hakunyanyuka. Aligeuka kwangu, si kwake. Tulikuwa tumeishi nyumba moja miaka yote ile tukisemeshana habari za kuni na maji tu.

"Bi Mkubwa," akasema kwa Kinyambo cha haraka, ili baba yako asielewe, "wewe umesikia maneno yote ya huyu mzungu. Yana akili?"

"Yana akili," nikamwambia.

"Ingekuwa shingo yako?"

Nilitaka kurudi nyumbani, mwanangu. Nilitaka kuoga. Ningesema neno moja tu tungeondoka na mabaki ya mbuzi tumeyafunga kwenye majani ya mgomba. Nikakumbuka vile vivimbe vilivyokuwa vikikimbia chini ya vidole vyangu.

"Ingekuwa yangu ningechomwa," nikasema.

"Basi nishike."

Nikamshika. Daktari alikibana kimoja kati ya vivimbe vile kwa vidole vyake, akaingiza sindano, akaisokotasokota. Kokwijuka aliniuma bega, alama unaiona mpaka leo kanga ikinishuka begani. Nikatazama sindano inavyovuta. Nilitarajia wekundu. Kikaja kitu kidogo sana, kizito kidogo, cheupe kisicho cheupe, na uzi mmoja tu wa damu ndani yake. Nilihisi kile kitu kiko mdomoni mwangu. Nikasema moyoni, hivi ndivyo tulivyo ndani? Tunaringa kwa kile chekundu, na hiki ndicho kinachotuosha?

Daktari alitazama muda mrefu. Halafu akasogea. "Tazama."

Nikafumba jicho moja kama alivyonionyesha. Siku ya damu alikuwa amenionyesha pia. Damu ilikuwa imejaa chembe zimebanana kama mtama uliomwagwa. Safari hii palikuwa peupe, chembe chache za mviringo, zimetawanyika. Nikafikiri hakuna kitu. Kisha chembe moja ikatikisika bila kuguswa. Kando yake palikuwa na kitu chembamba, kina ncha huku na huku, kinajinyonga kama samaki mdogo aliyetupwa kwenye tope. Kisha nikaona cha pili.

Nikatoka nje nikatapika mbuzi wote wa baba yako.

Yeye aliondoka jioni ile ile. Hakusubiri kuambiwa ni nini tulichokiona, na hakumuaga mkewe. Njiani aliongozana na wale waliopewa ruhusa na mnyapara, na Nyamwiza alikuwa mmoja wao. Huyo mwanamke nilikuja kusikia habari zake baadaye kwa watu wa kwao. Alirudi akasherehekewa, wakakamua ndizi za pombe ya rubisi, wakacheza. Maharage ya msimu uliofuata yalivunwa yeye akiwa anasinzia shambani na jembe mkononi. Watoto wake walikuwa wakimtoa chakula mdomoni kwa kidole asije akapaliwa. Alikufa hajui kama ana watoto. Jogoo mmoja. Mpaka leo sili jogoo kwa raha.

Kokwijuka alianza kuchomwa dawa. Ilikuwa dawa kali ya sindano, anachomwa, anapumzishwa, anachomwa tena. Homa ikaisha. Kujikuna kukaisha. Mimi mwenyewe niligusa shingo yake, bila kunawa baadaye, na vile vivimbe vilikuwa vimenywea. Akaanza kucheka tena ile sauti yake, nami sikuona karaha nilipoisikia. Tulikuwa tukipika pamoja, tukiwasengenya wagonjwa wenzetu, tukimwigiza mnyapara anavyotembea na kanzu yake. Nilijivuna. Niliwaambia wanawake wengine waliokuwa wakikataa sindano ya shingoni, "Mtazameni huyu." Na wengi walikubali kwa sababu yangu.

Siku moja baada ya adhuhuri tulikuwa tumekaa nje tunachambua maharage. Jua lilikuwa kali mpaka nimejifunika kichwa. Kokwijuka akainua uso akasema, "Leo jua limewahi kuzama."

Nilidhani anatania. Nikamtazama mikono. Alikuwa anaweka mawe pamoja na maharage.

Nilimkokota mpaka kwa daktari. Akamtazama macho, akamwashia taa, akamsogezea kidole kulia na kushoto. Halafu akaweka taa chini taratibu mno, na nikajua.

"Ni dawa," akasema. "Kwa wengine inagusa macho. Tutaacha kumchoma."

"Yatarudi?"

Ilipofika mwisho wa mwezi Kokwijuka hakuuona hata moto.

Nilirudi kwa daktari peke yangu. Nikamuuliza, "Ulijua?"

"Tulijua kwamba hutokea. Si kwa wote."

"Ulinieleza habari ya damu na limfu mpaka nikaijua kama sura ya Kurani. Mbona hili hukuniambia, ili nimwambie mwenyewe?"

Akasema, kwa sauti ya mtu anayeeleza jambo jepesi, "Angekataa."

Mwanangu, niliona kambi ile yote. Niliona inzi midomoni, niliona kinyesi, niliona vidonda vinavyotembea wadudu, nilitazama ndani ya shingo ya mtu. Hakuna kilichonitia kinyaa kama neno lile moja. Nilitema mate miguuni pake. Kwa kosa hilo wangeweza kunicharaza viboko, lakini alipangusa kiatu tu akarudi kwenye hadubini yake. Hakuwa mtu mbaya. Ndicho kinachonikera mpaka leo. Mnyapara aliuza watu kwa kuku, nikamwelewa: mwizi ni mwizi. Huyu hakutaka kuku. Alitaka Kokwijuka apone, na alipona. Ila alimchukulia kama vile kioo chake, kitu cha kuwekwa chini na kutazamwa.

Na mimi nilikuwa mdomo wake. Hapo ndipo nilipokosea, wala sitaki uniambie nisijilaumu. Niliuliza juu ya maji, nikauliza juu ya wadudu, nikajiona mjuzi. Sikuuliza dawa itamfanya nini. Yule mwanamke mzee alijua mitoki, mimi nikajua limfu, na hakuna kati yetu aliyeuliza swali ambalo hata mtoto anayenyweshwa shubiri huliuliza.

Tulirudi Ndama yeye ameshika ncha ya kanga yangu. Njia nzima nilikuwa nikimwambia: jiwe, mto, mteremko, ng'ombe wanapita. Tulifika jioni. Baba yako alikuwa barazani na wenzake. Alimtazama, akamtazama tena, akaingia ndani bila salamu. Kesho yake hakuja yeye, alimtuma kijana wa dukani kumwambia Kokwijuka kwamba ameachwa. Talaka ya kutumiwa, kama mtu anayerudisha kibaba alichoazima. Na kijana akaongeza kwamba bwana amesema mgonjwa asishike vyombo.

Nikamfuata baba yako chumbani. Alikuwa akivaa saa yake.

"Ananitia kinyaa," akaniambia kabla sijafungua mdomo. "Kila nikimtazama naona yale maji. Mrudishe kwao Kibingo."

"Alikuwa na maji hayo siku uliyomwoa," nikasema. "Unayo na wewe. Yako shingoni mwako sasa hivi."

"Mwanamke, usinifundishe."

"Basi nikuambie jambo jepesi. Nyumba hii aliijenga baba yangu. Kokwijuka anakaa. Asiyeweza kumtazama ndiye atakayetoka."

Hakuamini. Alisubiri nilie, sikulia. Akafunga mizigo yake, akaenda kwa ndugu zake Bukoba, akaoa huko, na mengine unayajua. Wewe ulimlilia sana. Ulikuwa ukikaa njiani ukimngoja mpaka umande unakulowesha, na nilikuwa nakubeba kukurudisha ukinipiga mateke. Hilo lilinikata kuliko yote, na sikuweza kukueleza. Alikuwa baba yako, alikupenda, alikuletea kofia kutoka pwani. Sikuombi umchukie. Lakini baba zako wadogo wakikuambia mama yako alimfukuza mumewe kwa ajili ya mke mwenza kipofu, usibishane nao. Waambie ni kweli. Kisha waambie na yaliyobaki, kama watakuwa na subira ya kusikia.

Mvua imepungua. Naona moshi wa jikoni, Kokwijuka anapika ndizi na hataki mtu amsaidie.

Hospitali watakupa koti na watakupa sindano. Watu watakuja kwako wanaogopa, watakuita bwana, watakuinamishia shingo. Utawagusa tezi na utajua jambo ambalo wao hawalijui, kwamba damu inaweza kuonekana safi na ugonjwa ukawa umejikunyata kwenye maji mengine. Elimu hiyo itakupandisha kichwa, ilinipandisha mimi kwa siku chache tu. Kinyaa kitakushika pia. Tapika, urudi ndani. Mimi kinyaa cha mwili kiliniisha, mikono hii imeosha kila kitu. Kile kingine, cha neno "angekataa", sitaki kikuishe. Siku utakaposikia neno hilo mdomoni mwa mkubwa wako ukaona ni la kawaida, jua umeharibika.

Kabla sijaanza kuandika nilikwenda jikoni nikamwambia Kokwijuka nataka kukusimulia habari ya macho yake, nikamwomba ruhusa. Alikuwa anamenya. Aliendelea mpaka ndizi ikaisha mkononi, akachukua nyingine.

"Mwandikie," akasema. "Mwandikie kwamba yule mzungu alikosea. Nisingekataa. Nilikuwa nimeshazika mtoto, na nilikuwa bado nataka kuishi. Angeniambia macho yatakwenda, ningempa shingo vilevile. Lakini ningekwenda kwanza Kibingo nikamtazame mama yangu."

Kesho uende kwa amani, Idrisa, na Mungu awe nawe njiani.

Ni mimi mama yako,
Mwanaidi